Gauti: kabla ya kulaumu sufuria, tazameni kibuyu

Simu iliingia saa tisa usiku. Simu ya saa hiyo kutoka kijijini huwa haina habari njema, hivyo niliipokea nimeshakaa kitandani. Alikuwa mama mdogo, kutoka Bweranyange. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika.

"Mwanangu, njoo umtazame baba yako. Mguu umemrudia tena, na sasa anasema mimi ndiye ninayemuua kwa chakula."

Nyuma yake nilimsikia baba mdogo akigumia. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa kahawa na ndizi, mwanamume ambaye nimemwona akibeba mkungu begani huku akiimba. Usiku ule alikuwa analalamika kwa sababu shuka limegusa kidole gumba cha mguu.

Msomaji wangu, wiki hii nataka tuzungumze juu ya gauti, ugonjwa ambao wazee waliuita jongo. Sitaki kuwapa orodha nyingine ya vyakula vya kuacha. Orodha kama hizo zimejaa kwenye simu zetu, na orodha moja ya namna hiyo karibu ivunje nyumba ya baba yangu mdogo.

Ilivyoanza

Mara ya kwanza mguu ulimshika miaka mitatu iliyopita, usiku wa kuamkia siku ya pili ya harusi ya jirani. Alilala mzima, akaamka kidole kimevimba, kimekuwa chekundu na cha moto kama kimemwagiwa maji ya chai. Kwa kuwa alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na mtu fulani, wapo waliosema amekanyaga kitu. Akachanjwa chale. Baada ya siku nane mguu ukapona, na aliyechanja akapata sifa.

Mara ya pili alinunua vidonge vya maumivu dukani. Mguu ukapona tena, na sifa zikaenda kwa vidonge. Hakuna aliyejua kwamba shambulio la gauti, hata lisipoguswa, mara nyingi huisha lenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Ndiyo maana kila dawa ya gauti ina mashahidi. Kinachobaki mwilini ni chanzo chake, na hicho hakiondoki kwa sababu maumivu yameondoka.

Mara ya tatu mtu mmoja aliyekuwa akiuza dawa za mitishamba alimpa karatasi. Ilikataza nyama, samaki, maharage, njegere, karanga, uyoga, mchicha, nyanya, maziwa na mayai. Mama mdogo akaibandika jikoni na kuitii kuliko anavyoitii kalenda ya kanisa. Kwa miezi mitano baba mdogo alikula ndizi za kuchemsha kwa chumvi, basi. Alikonda mpaka suruali zikaanza kufungwa kwa kamba. Na ndani ya miezi hiyo mitano mguu ulimrudia mara tatu.

Hapo ndipo lawama zilipoanza. Wifi yake akasema mama mdogo anachanganya maharage kwa siri. Baba mdogo akaanza kuonja mboga kwa mashaka kabla ya kumeza. Mwanamke aliyepika bila kupumzika miaka thelathini akageuka mtuhumiwa katika jiko lake mwenyewe.

Nilichokiona jioni

Nilipofika, maumivu yalikuwa yameanza kupoa. Siku ya pili, ilipofika saa kumi na moja jioni, baba mdogo alichukua fimbo yake akaanza kuchechemea kuelekea kilabuni.

"Shikamoo baba. Unakwenda wapi na mguu huo?"

"Marahaba. Naenda kunyoosha."

Nikamsindikiza. Alinyoosha mguu kwenye benchi, na mkono ukanyoosha kibuyu cha rubisi. Nilipomuuliza, alinishangaa kweli kweli. "Bia niliacha tangu mwaka juzi, mwanangu. Hii si bia. Hii ni ndizi. Karatasi imesema ndizi ruksa."

Na mchana, kwa kuwa alijua pombe si nzuri kwake, alikuwa anajipongeza kwa soda mbili za chupa, baridi.

Ndugu zangu, karatasi ile ilikagua kila kilichomo kwenye sufuria ya mama mdogo, lakini haikusema neno moja juu ya kibuyu wala chupa.

Gauti ni nini hasa

Tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akachukua damu, akatueleza kwa maneno ambayo hata mama mdogo aliyarudia vizuri tulipokuwa njiani kurudi.

Mwili una vitu vinavyoitwa purini. Nyingi tunazitengeneza wenyewe, na nyingine zinatoka kwenye chakula. Zikivunjwavunjwa huacha taka iitwayo asidi ya yuriki. Kazi ya kuitoa taka hii inafanywa zaidi na figo, kwa njia ya mkojo. Figo zisipoitoa ya kutosha, au mwili ukiitengeneza kupita kiasi, asidi hujaa kwenye damu na baadaye huganda kwenye viungo kama chembe ndogo zenye ncha, mithili ya sindano. Hupenda kuganda mahali penye ubaridi zaidi, na hakuna mahali mbali na joto la mwili kama kidole gumba cha mguu. Askari wa mwili wakizivamia chembe hizo, ndipo uvimbe na moto vinapotokea.

Wanaume hupata zaidi, na mara nyingi baada ya miaka 30 au 40. Wanawake huwa na kinga fulani ya homoni mpaka wanapokoma hedhi, kisha nao huingia kwenye hatari. Unene, shinikizo la damu, kisukari na ugonjwa wa figo huongeza hatari. Wapo pia wanaorithi figo zisizotoa asidi hii vizuri. Baadhi ya dawa nazo huipandisha: baadhi ya vidonge vya kuongeza mkojo vinavyotumika kutibu shinikizo la damu, na pirazinamaidi inayotumika kutibu kifua kikuu. Usiache dawa hizo kwa sababu umesoma hapa. Mwambie daktari wako kwamba una gauti, naye ataamua.

Kwa hiyo anayesema gauti ni ugonjwa wa walafi amekosea. Mlafi anaweza asiupate kabisa, na mtu wa kiasi akaupata kwa damu ya ukoo wake.

Kibuyu na chupa kwanza

Sasa tuje kwenye mlo, tukianza na kinywaji, kwa sababu ndipo wengi wetu hatutazami.

Pombe inamdhuru mwenye gauti kwa njia mbili kwa pamoja. Inaufanya mwili utengeneze asidi zaidi, na inazizuia figo kuitoa. Bia inaongeza njia ya tatu, maana chachu na nafaka zake zina purini zake zenyewe. Na rubisi je? Tukumbuke inavyotengenezwa: ndizi mbivu zinakamuliwa kwa nyasi, juisi inachanganywa na mtama uliokaangwa, ikaachwa ichachuke. Haichujwi kama bia ya kiwandani. Chachu inabaki humo humo. Kuiita ya asili ni sawa, lakini figo haziulizi pombe imetoka kiwandani au kwenye mtumbwi wa kukamulia. Gongo na konyagi nazo hazina msamaha, kwa kuwa kileo chenyewe kinatosha.

Soda na juisi za viwandani zenye sukari zina kosa jingine. Sukari ya aina ya fruktosi ikivunjwa mwilini huzalisha asidi ya yuriki. Mtu akiacha bia akahamia soda mbili kwa siku, amehama chumba lakini yuko nyumba ile ile. Hata juisi ya ndizi mbivu ambayo bado haijachacha ni tamu kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye gauti asiinywe kwa kibuyu. Tunda zima kama pera, papai au chungwa, linaloliwa kwa kiasi, si adui.

Kinywaji chake kikuu ni maji. Glasi nane hivi kwa siku, zaidi akiwa analima juani, husaidia figo kuosha. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo amuulize daktari kiasi chake kwanza.

Na sasa habari njema kwa Karagwe na Kyerwa: kahawa haijakatazwa. Tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa hupata gauti kidogo kuliko wasiokunywa. Hiyo haiifanyi kahawa kuwa dawa, na tafiti hizo zilihusu kahawa ya kunywa, si ile tunayomkaribishia mgeni atafune. Lakini mkulima wa kahawa anayekunywa chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari, huku kahawa yake yote inapelekwa chama cha ushirika, anaweza kujibakizia debe moja la kwake.

Sufuria haina kesi yote

Kwenye chakula, vinavyobeba purini nyingi ni vya damu: maini, figo, moyo na bandama. Hivyo mwenye gauti aviache. Dagaa nao wamo, tena karibu ya juu. Najua inauma, maana dagaa ni mboga ya mwenye kipato kidogo, lakini wewe mwenye gauti waachie watoto. Nyama ya ng'ombe, mbuzi na kitimoto haikatazwi kabisa. Kipande cha ukubwa wa kiganja bila vidole, mara chache kwa wiki, kinatosha. Senene nao ni wa kuonja, si wa kulia bakuli.

Hapa kuna jambo ambalo wapishi wengi hawalijui. Nyama ikichemshwa, sehemu ya purini zake huhamia kwenye maji. Maana yake supu, ile tunayompa mgonjwa ili apate nguvu, ndiyo yenye mzigo. Mchemshie nyama, mwaga maji ya kwanza, kisha unga kwa nyanya na vitunguu. Mgonjwa wa gauti anayeamkia supu ya makongoro kila asubuhi anajitafutia shida kwa kijiko.

Na maharage? Ndiyo swali alilouliza mama mdogo mbele ya daktari, sauti ikitetemeka kidogo. Maharage, uyoga na mchicha vina purini kiasi, ndiyo maana viliingia kwenye orodha za zamani. Lakini mwaka 2004 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia wanaume 47,150 ambao hawakuwa na gauti, kwa miaka 12. Wanaume 730 kati yao walikuja kuipata. Waliokula nyama na samaki kwa wingi walipata zaidi. Waliokula mboga na mikunde yenye purini hawakuongezewa hatari. Na waliotumia maziwa kwa wingi, hasa yaliyopunguzwa mafuta, walipata kidogo kuliko wengine.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho mkiwa Bweranyange. Hapa ndipo palipokuwa makao ya mfalme Rumanyika. Mwingereza John Speke alipofika mwaka 1861 aliandika jinsi maziwa yalivyonywewa ikulu pale, mpaka wanawake wa mfalme wakanenepeshwa kwa maziwa. Hatunenepeshi mtu leo, na unene wenyewe ni rafiki wa gauti. Lakini kwamba nchi ya ng'ombe ikamkataze mgonjwa wa gauti maziwa, kisha imruhusu kibuyu cha pombe, ni kugeuza mambo kichwa chini. Acha maziwa yatulie, engua utando wa mafuta, mpe glasi moja au mbili, freshi au mgando.

Kwa hiyo jiko la mama mdogo limerudi lilivyokuwa, isipokuwa mambo machache. Asubuhi ni kahawa isiyo na sukari nyingi au uji wa ulezi. Mchana ni ndizi na maharage chungu kimoja, pamoja na mchicha au majani ya maboga. Jioni ni viazi, ugali au ndizi, na yai au maziwa mgando, na parachichi likiwepo. Nyama ni siku mbili kwa wiki. Hakuna cha kununua kutoka ng'ambo. Orodha za mitandaoni husifia tunda liitwalo cheri. Waliolizoea wale, sisi tuna mapera.

Onyo moja: asishinde njaa. Kufunga kwa muda mrefu na kukonda kwa ghafla hupandisha asidi ya yuriki. Huenda zile ndizi za chumvi, pamoja na kibuyu cha jioni, ndizo zilizokuwa zikimwita mgonjwa wetu kitandani. Mwenye uzito mkubwa apunguze pole pole, kwa mwezi na mwezi.

Mlo una mpaka wake

Sasa niseme jambo ambalo waandishi wa mapishi ya afya huliruka. Kwa mtu ambaye gauti imeshamrudia mara kwa mara, mlo peke yake kwa kawaida hautoshi. Asidi nyingi inatoka mwilini mwake mwenyewe, si sahanini. Chakula kizuri huishusha kidogo tu. Lengo la daktari kwa mgonjwa ni chini ya mikromoli 360 kwa lita moja ya damu, na baba mdogo alikuwa juu sana ya hapo. Tena kipimo kinaweza kudanganya: wakati wa shambulio asidi inaweza kuonekana ya kawaida. Kikitoka kizuri na dalili ni za gauti, kirudiwe wiki kadhaa baada ya maumivu kuisha.

Baada ya figo zake kupimwa, alianzishiwa alopurinoli. Hii si dawa ya kutuliza maumivu. Ni ya kila siku, inaanza kidogo na kupandishwa taratibu, na huendelea hata mguu ukiwa mzima. Ukiota vipele mwilini baada ya kuianza, iache na urudi hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari alituonya jambo jingine: katika miezi ya mwanzo shambulio linaweza kurudi, kwa sababu chembe za zamani zinaanza kuyeyuka. Na kweli, wiki ya sita mguu ulimshika. Mama mdogo alinipigia tena, safari hii saa moja asubuhi. "Anataka kutupa vidonge." Nikamwambia ampe simu.

"Baba, daktari alisema nini?"

Kimya. Kisha, "Alisema utarudi."

"Basi amesema kweli. Meza."

Alimeza, akarudi hospitali kupewa dawa ya maumivu inayomfaa. Na hapa nawasihi sana: acheni mazoea ya kununua diklofenaki dukani kila mguu unapouma, na sindano juu yake. Ikitumika ovyo inaweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, zile zile tunazozitegemea kutoa asidi. Na kiungo kilichovimba pamoja na homa kali au kutetemeka kwa baridi si cha kungoja. Kinaweza kuwa na usaha ndani, na huo huharibu kiungo kwa siku chache.

Gauti isiyotibiwa haiui usiku mmoja. Inakula taratibu. Hujenga vinundu vigumu vidoleni, viwikoni na kwenye masikio, hupinda viungo, na huweza kuweka mawe kwenye figo.

Kazi ya familia

Limebaki jambo gumu kuliko vyote, nalo ni heshima. Kwetu mgeni hupewa kinywaji, na mzee anayekataa kibuyu mbele ya wenzake huonekana amekataa watu. Baba mdogo aliniambia wazi: "Mwanangu, kuacha pombe naweza. Kukaa peke yangu nyumbani jioni, hiyo siwezi."

Hakuna daktari anayeandika dawa ya hilo. Tuliita kikao kidogo cha ukoo. Wifi alikuwepo, na alimwomba mama mdogo msamaha mbele yetu, ingawa kwa sauti ndogo. Tukakubaliana kwamba katika shughuli zetu kutakuwa na birika la kahawa na dumu la maziwa mgando, vinavyopelekwa meza ya wazee kwa heshima ile ile ya kibuyu, siyo vinaletwa baadaye kama chakula cha mgonjwa. Kijana mmoja alipewa kazi hiyo.

Harusi ya kwanza ilikuwa mwezi uliopita. Kijana alipiga goti, akamimina kahawa. Mzee aliyekaa jirani na baba mdogo akatazama, kisha akasogeza kikombe chake naye. "Na mimi nimiminie. Hiki kidole changu kina siri."

Kwa hiyo ninyi mnaopika, msikubali kesi isiyo yenu. Nanyi mnaougua, kabla ya kuuliza nini kimewekwa kwenye sufuria, hesabuni nini kilipita kooni jana jioni. Mkapimwe, mmeze mlichoandikiwa, na mrudishe maharage mezani.

Tukutane wiki ijayo.